Nywele za Mjukuu Wako

Bariadi,
9 Januari 1995

Mayu, mama yangu mpendwa,

Mwangaluka, mayu. Natumaini barua hii itakukuta unapumua vizuri na mgongo umekupa nafuu, ingawa huu ni wakati wa palizi na najua hutakubali kukaa ndani hata ukibembelezwa. Ng'ombe wanaendeleaje? Yule jike mwekundu ameshazaa? Huku kwetu mvua imezidi, matope yamefika mlangoni, na darasa langu linavuja pale pale palipovuja mwaka jana. Sisi ni wazima kiasi. Mjukuu wako, wajina wako Nyanjige, tumetoka naye hospitali juzi Jumamosi. Hilo nalitanguliza ili usisome yaliyobaki ukiwa umeshika moyo. Yuko hai. Anameza uji vijiko sita au saba, kisha anachoka, na akisimamishwa miguu bado inamlegea.

Januarius katekista alipita hapa Alhamisi akitokea huko Shishiyu, akaniambia jinsi unavyoishi tangu urudi. Amesema kisimani wanawake wanakupisha uchote peke yako. Amesema maneno ya shemeji yangu Marcelo yalifika huko kabla wewe hujashuka kwenye basi, na kwamba sungusungu, walinzi wa kijiji, wameanza kuulizana habari zako. Wewe unajua na mimi najua yanayowapata akina mama wa umri wako wakishaitwa wachawi. Ndiyo maana naandika, na ninakuomba usome mpaka mwisho, hata ukifika mahali ukatamani kuitupa jikoni.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Unakumbuka tulivyojiandaa kwa Noeli. Mtoto alikuwa abatizwe siku ile, gauni jeupe limeshonwa, mchele wa pilau umeshachaguliwa mawe. Wewe ukamkuta na chawa. Mimi nilikuwa nimewaona wiki nzima nikajifanya sijaona, maana mwalimu mzima mtoto wake kuwa na chawa ni aibu ambayo nilitamani iishe yenyewe. Jumamosi asubuhi, mkesha wa Noeli, ukamketisha kwenye kigoda uani ukamnyoa kwa wembe, anapiga kelele huku unamwimbia. Nywele zote ukazifunga kwenye pindo la khanga yako. Ukasema utaenda kuzifukia nyumbani, pale ulipozifukia za kwangu. Mkweo Benedikta alikuwa anaosha vyombo, akasikia, akacheka kwamba kumbe mimi nami niliwahi kuwa na nywele.

Jioni ile mate yakaanza kumtoka. Tukasema ni meno. Akatapika, tukasema ni embe. Alilowa jasho, shuka tukalibadilisha mara tatu. Asubuhi ya Noeli kengele inalia, mtoto shingo haikai, miguu imelegea kama ya mwanasesere wa matambara, na badala ya kwenda kanisani tukaenda hospitali, gauni jeupe tukaliacha kwenye msumari. Ilikuwa sikukuu, wodi nzima ina muuguzi mmoja. Alisema ni malaria, akamtundikia dripu. Aliuliza maswali mengi, nami ndiye niliyejibu yote, kwa kuwa ndiye msomi wa nyumba.

Mayu, hakuna kitu kibaya kama kukaa kando ya kitanda cha mtoto huna la kufanya. Nimesomesha watoto wa watu miaka kumi na moja. Najua kuchora moyo na mapafu ubaoni kwa chaki za rangi. Pale kazi yangu ilikuwa moja, kumfuta mate kwa leso, kuikamua leso, na kumfuta tena. Benedikta alilala chini ya kitanda juu ya boksi. Wewe ulikuwa ukileta uji asubuhi na mchana kwa miguu kutoka nyumbani, na ulipofika ulikuwa huketi, unasimama tu umemshika kidole gumba cha mguu.

Kisha akaja Marcelo tarehe ishirini na sita, na jogoo wake wa sikukuu mkononi. Alipoambiwa mtoto ameanza kuumwa siku ile ile aliyonyolewa, akauliza nywele ziko wapi. Nawe, bila kuwa na wasiwasi wowote, ukafungua pindo la khanga ukamwonyesha. Nilitamani usingefanya hivyo. Akasema mbele ya wodi nzima kwamba bibi na mjukuu wenye jina moja hawawezi kukua pamoja, mmoja anamnyonya mwenzake pumzi, na kwamba mwenye nywele ndiye mwenye mtoto. Benedikta, ambaye tangu nimuoe hajawahi kukuita kwa jina lingine ila mayu, akakuondolea mkono kwenye mguu wa mtoto. Akakuambia uji wako usiletwe tena. Mimi nilikuwepo. Niliangalia matone ya dripu yanavyoshuka.

Siku ya Mwaka Mpya nilikusindikiza stendi nimekubebea kikapu. Hukulalamika. Uliniuliza swali moja tu, kama na mimi nasadiki. Nikakujibu kwamba basi linaondoka, upande upate kiti cha dirishani. Tarehe mbili mtoto akakaa mwenyewe. Watu wakahesabu, bibi kaondoka jana, mtoto kakaa leo, na kuanzia hapo hakuna aliyehitaji ushahidi mwingine. Marcelo alipita akiyasema hayo mpaka sokoni.

Sasa nakuambia lililonileta.

Zamani dawa ya pamba tuliipata ushirika, kwenye kopo lenye picha ya fuvu, na bwana shamba alikuja kutufokea tunawe mikono. Tangu biashara iachwe huru kila mwenye kibanda anauza. Anaimimina kwenye chupa ya soda, anaiziba kwa gunzi, basi. Nilinunua chupa moja kwa ajili ya shamba letu la Ngulyati. Yule muuzaji alinisifia kwamba inaua viwavi, inaua kupe, na hata chawa ukiwapaka mara moja umemalizana nao. Ile Jumamosi, mlipokwenda sokoni wewe na Benedikta kununua vitunguu, nilibaki na mtoto. Nikatazama kile kichwa. Nikaona kama mayai ya chawa yamebaki nyuma ya masikio, nikafikiria padre anavyomwinamisha kumwagia maji ya ubatizo, na wazazi wa wanafunzi wangu wamepanga mistari wanatazama. Nikachanganya dawa ya pamba na mafuta ya kula kidogo, nikachovya kitambaa, nikampaka kichwa kizima. Kichwa kilichotoka kwenye wembe, mayu, chenye vidonda vya kujikuna. Alilia nikamwambia anyamaze, baba anamfanya awe mzuri.

Ni mimi. Si wewe, si jina, si nywele. Ni mimi niliyempaka mwanangu sumu.

Na hilo si baya kuliko yote. Yule muuguzi siku ya Noeli aliniuliza kama mtoto amekunywa au amegusa dawa yoyote, au mafuta ya taa. Nikasema hapana. Akauliza mara ya pili, nikasema hapana kwa sauti ya ualimu. Tarehe ishirini na nane daktari alirudi kutoka likizo, akammulika macho kwa tochi, akaona mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, akanitoa nje akaniuliza peke yangu. Huyo nilimwambia. Aliagiza kichwa kioshwe kwa sabuni mara tatu, akabadilisha sindano, na akaniambia kwamba ningesema siku ya kwanza mtoto asingefika pale alipofika. Ndiyo sindano iliyomkalisha tarehe mbili. Aliniachia mwenyewe niwaeleze wangu. Wewe ulikuwa bado hapa siku nne nzima, umekaa nyumbani kwangu kama mgeni asiyetakiwa, na nilikuwa nakupita mlangoni asubuhi na mchana. Sikusema.

Nimejitafutia sababu na sijaipata yenye maana. Nilimwogopa Benedikta. Niliogopa kuitwa mwalimu aliyempaka mtoto dawa ya viwavi. Nikaona heri wakuseme wewe, kwa kuwa wewe ni mama yangu na utanisamehe. Ndivyo nilivyofikiri, na naandika hivyo hivyo nilivyofikiri.

Nakuomba barua hii usiifiche. Mpe Januarius aisome kwa sauti Jumapili baada ya ibada, watu kabla hawajatawanyika, na viongozi wa sungusungu waitwe wasikie jina langu. Ilinipasa nije mwenyewe. Nimefika stendi mara mbili tangu Ijumaa, na mara mbili nimerudi. Benedikta naye bado hajui. Nimeamua nimpe barua hii kwanza aisome, ndipo niipeleke posta, kwa sababu kumwambia kwa mdomo nimeshindwa.

Nisalimie wote wa hapo nyumbani, wale ambao bado wanakuitikia salamu. Mwambie Salu wa jirani nashukuru kwamba hajaacha kukuletea kuni, Januarius ameniambia. Mjukuu wako angekusalimia kama angekuwa na nguvu za kupunga mkono. Sikuombi unijibu. Wabeja, mayu, nashukuru kwa yote uliyonifanyia, na kwa hili pia ambalo sikupaswa kukubebesha.

Ni mimi mwanao,
Luhende

10 Januari, asubuhi.

Mayu, naongeza haya kwa haraka. Benedikta aliisoma jana akiwa amesimama jikoni, akaisoma tena amekaa. Hakunitukana, hakulia. Leo kumekucha akamfunga mtoto mgongoni, akafungasha nguo zao, akaniambia nimpe barua, haiendi posta, anakuletea yeye. Amesema Januarius hataisoma. Ataisoma yeye mwenyewe mbele ya watu, kwa sababu mkono uliokuondoa kwa mtoto ulikuwa wa kwake.

Anaisubiri hapa mlangoni ninapomalizia. Mimi hakuniambia tufuatane.