Mteja wa Kwanza wa Kiberiti

Jumatatu, 2 Juni
Vijana wengi leo hapa kituoni, wote na mawazo yao ya biashara ili niyapime. Kila mmoja dakika ishirini, kengele ikilia — basi, mwingine! Nasikia kwenye ngazi wananiita Shangazi Saa. Waniite tu.

Wa mwisho Kiberiti. Binti mdogo wa umbo, ukimgusa anawaka. Anataka kampuni ya kusindikiza wagonjwa: unafanyiwa upasuaji mdogo, hospitali haikuruhusu kutoka peke yako, yeye anakuletea mtu wa kukungoja na kukufikisha nyumbani. Nikamwambia, mwanangu, nani hana ndugu? Akasema wasio na mtu wapo tele. Basi waseme wao, si wewe! Asijenge chochote kwanza. Abandike tangazo lenye namba ya simu, tuone nani atapiga. Ijumaa aje na mteja mmoja wa kweli, asiyejuana naye, la sivyo wazo linafungwa na dawati lake anapewa mwingine. Akaondoka amenuna.

Jumanne, 3 Juni
Kwa daktari wa macho. Mtoto wa jicho amekomaa, wanamtoa Jumatatu. Nesi akauliza nitakuja na nani. Nikasema na mwanangu. Uongo mtupu! Mwanangu yuko ng'ambo.

Jumatano, 4 Juni
Nimempigia mwanangu. Pole sana mama, ningekuwa karibu ningekuja, kisha akaitwa kikaoni. Dada yangu naye anamuuguza mumewe, hawezi kutoka. Nikamfikiria mhasibu wetu. Tunataniana kila siku pale ofisini, lakini hata anakokaa sikujui. Nianzie wapi? Nimekunywa chai kavu, basi.

Kiberiti alikuja mchana. Hakuna aliyepiga. Aliowauliza wote wanajibu kitu kimoja: mimi ninao watu wangu, labda jirani yangu ndiye hana. Na huyo jirani akiulizwa, anamtaja jirani mwingine! Nikamwambia ndiyo majibu hayo, soko hakuna. Machozi yakamlengalenga. Kengele ikalia, nikaita mwingine.

Alhamisi, 5 Juni
Hospitali wamepiga. Wanataka jina la msindikizaji leo, bila hivyo nafasi yangu anapewa mtu mwingine. Na kusoma siku hizi ni taabu tupu, herufi zinaogelea.

Tangazo la Kiberiti liko ukutani karibu na duka la dawa. Nilijifanya nafunga kamba za kiatu. Namba nikaishika kichwani, nikaenda kupiga nyumbani, mlango nimefunga, kana kwamba naiba.

Kapokea mama mtu mzima. Akajitambulisha, kumbe ni mama yake Kiberiti, ndiye anayekaa na ile simu. Hanijui, hatujawahi kuonana. Akauliza taratibu: huna mtu mwingine yeyote, dada? Nikasema sina.

Sina! Neno hilo sikuwahi kulitoa mdomoni. Nikalia pale pale jikoni, yeye yupo tu kwenye simu, hakati, hanihimizi. Nilipotulia akasema Jumatatu atakuja mwenyewe, niwape hospitali jina lake. Nikamwelekeza nyumbani kwangu; jina langu nikamwambia atalijua akifika. Akacheka, akasema haya, ulale vizuri. Nikawapa hospitali jina lake, kisha nikalala hadi jioni. Sijui mara ya mwisho nilisemeshwa hivyo lini.

Ijumaa, 6 Juni
Niko kikaoni, tunaamua wazo lipi lipite. Kiberiti kasimama mbele, anang'aa. Amepata mteja! Mwanamke, anasema, anafanyiwa upasuaji wa jicho Jumatatu, hana mtu, alimlilia mama yake Kiberiti kwenye simu. Mhasibu kasema, masikini. Wengine wanatikisa vichwa kwa huruma. Nami natikisa nao.

Nikisema ni mimi, mteja si mgeni tena, wazo linakufa hapa hapa, na hawa wote watajua ninavyoishi. Nikinyamaza, napitisha biashara kwa ushahidi wa machozi yangu mwenyewe. Na Jumatatu mama mtu ananijia mlangoni, jioni yake Kiberiti anajua kila kitu.

Mkurugenzi wa kituo kanigeukia. Anauliza, Shangazi, wewe ndiye mkali wetu, unaamini huyu mwanamke yupo kweli?

Wote wananitazama. Kiberiti kashika kiti kwa mikono miwili. Nimeinamisha kichwa, naandika haya ili waone nafikiri. Anauliza tena —