Nitakutafuta Mpaka Nikupate

Jumapili, 12 Oktoba 2025

Nimetoka kazini na magazeti mengine ya uwindaji ya Papa Bavo, mmoja wa wazee ninaowatunza. Nimeyafunga kwa karatasi za matangazo ya supamaketi ili jalada lisionekane. Jaladani kuna bunduki, mitutu miwili, inang'aa. Mimi mwanamume mweusi, jina Zuberi, ndevu hizi — nishike picha ya bunduki ndani ya metro ya Brussels? Sina kichaa. Polisi wawili wamepanda pale Simonis. Hawajaniangalia hata. Nimeshuka kituo kilichofuata, nimekaa kwenye benchi hadi roho ikatulia, ndipo nikapanda nyingine.

Mke wangu Rayhana kanicheka. Eti, Baba Jamila, unaogopa karatasi.

Naogopa, ndiyo. Ombi langu la uraia liko kwa mwendesha mashtaka tangu Agosti. Yeye ndiye anayesema kama mimi mtu mwema au la. Sitaki hata kupiga chafya barabarani.

Cha ajabu, bunduki zenyewe siziwezi. Utotoni kule Buyenzi, wakati wa vita, ikilia moja tu mama alikuwa akitusukuma sote chini ya kitanda. Mpaka leo lori likibamiza mlango, mimi nimeshainama. Lakini mwandishi wao Georges Lamborelle nikimsoma sitetemeki. Ukurasa wa mwisho, kila mwezi. Mzee wa misitu ya Ardennes, anaishi peke yake na mbwa wake Moka. Mara nyingi hata hapigi risasi. Safari hii kulungu dume katokea kwenye ukungu, bunduki iko tayari begani, halafu mnyama akakohoa. Akakohoa tu, kama babu aliyeamka. Georges akaishusha bunduki. Nilikuwa namsomea Papa Bavo chumbani kwake, nikairudia sentensi hiyo bila kuombwa.

Papa Bavo macho yamekwisha, kwa hiyo nikishamuogesha na kumvalisha namsomea. Yeye hampendi Georges. Yeye ni mtu wa Séraphin, yule wa ukurasa wa mitutu na risasi, anayeweza kuandika safu nzima juu ya skrubu. Mzungu huyu alikaa Bukavu zamani, Kiswahili chake ni cha kuamrisha. "Georges iko mwanamuke," kasema. Nikamwambia Séraphin ni fundi baiskeli aliyepotea njia. Tumebishana mpaka muuguzi akachungulia.


Jumanne, 14 Oktoba

Gazeti linatimiza miaka hamsini. Wanaomba wasomaji wamwandikie mwandishi wanayempenda. Barua nzuri zitachapwa, zote zitafikishwa kwa wenyewe.

Papa Bavo kanilazimisha kuandika yake kwa Séraphin. Mistari michache, yote juu ya skrubu. Halafu: "Bon. Sasa andika yako, muoga."

Nimeandika wakati wa mapumziko, kwa Kifaransa, bila kumwonyesha Rayhana. Yeye Kifaransa chake kimenyooka, angeisahihisha mpaka ikauke. Nilitaka itoke kama ilivyo moyoni. Kwa hiyo nimesema kwanza kwa Kiswahili kichwani, ndipo nikashusha neno kwa neno.

Nimemwambia: Bwana Georges, wewe unaniua kila mwezi. Uliyonifanyia sitayasahau. Nyumba yako naijua kama yangu, geti la kijani, Moka mlangoni, alfajiri unavyotoka peke yako kupita njia ya kijito. Nakufuata kila hatua, wewe hunioni. Siku moja, Mungu akipenda, nitakutafuta mpaka nikupate, nikushike kwa mikono yangu hii.

Sijawahi kuandika kitu kizuri hivi. Nimeweka jina kamili, namba ya simu na anwani ya hapa Saint-Gilles, hata ghorofa. Kwetu barua isiyo na anwani ni ya mtu anayeficha kitu.

Imeshakwenda. Nina furaha ya kitoto.


Alhamisi, 30 Oktoba

Gazeti jipya limefika. Nimefungua nyuma kwanza, kama kawaida. Hakuna Georges. Mahali pake kuna mapishi ya sungura.

Chini kabisa, maandishi madogo: mwenzetu Lamborelle amesimamisha ukurasa wake kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake, tunaomba wasomaji waheshimu utulivu wake.

Atakuwa mgonjwa. Mzee peke yake msituni, ameanguka, nani atamwokota? Moka?

Barua ya Papa Bavo imechapwa. Kanitaka niisome tena na tena, kila muuguzi aliyeingia kasomewa. Yangu haimo. Nimejiambia nafasi ilikuwa ndogo.


Ijumaa, 31 Oktoba

Baada ya swala nimetembea na Kadiri. Tulikua naye mtaa mmoja Buyenzi. Sasa anafundisha Kifaransa watu waliofika juzi. Nimemweleza juu ya Georges, na barua, na kimya. Kasema nisomee. Ninayo kwenye simu, niliipiga picha kabla ya kuituma.

Nikamsomea kwa Kiswahili, nikitafsiri. Kasema tamu, umetoka mbali wewe.

Nikamsomea ilivyo, kwa Kifaransa.

Kasimama. Watu wakawa wanatupita kushoto na kulia. Kaninyang'anya simu, kasoma mwenyewe, midomo inacheza. Kisha kaniuliza polepole, kama ninavyowauliza wazee wangu kama wanajua leo siku gani: Zuberi, umemwandikia mzungu mwenye bunduki kwamba unaijua nyumba yake, na utamtafuta mpaka umpate?

Nikasema ndiyo, nitakutafuta. Si tunaaga hivyo? Wewe mwenyewe juzi uliniambia nitakutafuta.

Kasema kwetu, ndugu yangu. Kwetu mtu akisema atakutafuta, unajua atapiga simu, atakuja na watoto, mtakula. Kwa Kifaransa, "je vous chercherai", maana yake umejificha na yeye anakuja. Na hii — "ce que vous m'avez fait, je ne l'oublie pas". Umemwambia uliyonifanyia sitayasahau. Kwa hao hiyo si shukrani, hiyo ni kisasi. Halafu unamwambia anakuua.

Nikasema lakini ananiua, anavyoandika.

Kadiri hakucheka. Ndicho kilichonimaliza. Kadiri anacheka hata matangani. Kasema: jina lako hili, unaandikia watu wa bunduki maneno haya, na uraia unausubiri. Una akili timamu?

Nimerudi nyumbani. Nimeisoma barua kwa sauti bafuni, kwa Kifaransa, nikijifanya mimi ndiye Georges. Wallahi hata mimi ningekimbia.


Jumatatu, 3 Novemba

Simu. Namba imefichwa. Polisi wa hapa hapa mtaani. Mwanamke, sauti ya kawaida tu, kama anayekukumbusha miadi ya daktari. Jumatano asubuhi, njoo na kitambulisho. Kuna barua. Mkalimani wa Kiswahili ataitwa, kama nataka.

Nimesema nataka.

Rayhana nimemweleza yote. Hakunigombeza, ningefurahi angenigombeza. Kaisoma barua, kakaa kitandani, kauliza kitu kimoja: wakikukatalia wewe uraia, Jamila itakuwaje? Jamila alikuwa sebuleni anaimba.

Magazeti nimeyatia kwenye mfuko wa njano wa taka za karatasi, nimeyashusha barabarani. Kumbe mfuko unaonyesha! Bunduki imekaa mbele kabisa, inamwangalia kila mpita njia. Nimeurudisha juu mbio. Sasa yako chini ya kitanda. Chini ya kitanda, ya Rabbi, mahali pangu mimi.


Jumatano, 5 Novemba

Niandike kabla sijasahau.

Inspekta ni mama wa makamo, nywele fupi za kijivu. Kanikalisha. Mkalimani anaitwa Mwanakombo, Mswahili wa Tanga, kitenge juu ya sweta. Kaniamkia vizuri, pole kaka, relax, tutaongea tu. Nilitaka kumshika mkono nisimwachie.

Inspekta kaisoma barua yote kwa sauti. Polepole. Kila sentensi, ananitazama. Alipofika kwenye geti la kijani kauliza: umefika huko? Sijafika. Umejuaje rangi ya geti? Nikasema kaandika mwenyewe, alikuwa analipaka rangi, Moka akalisugua, mbwa akawa wa kijani wiki nzima. Nikaanza kueleza na kulungu aliyekohoa. Nilikuwa natoa jasho na kusimulia kwa pamoja. Mwanakombo alikuwa anatafsiri huku anauma midomo.

Kisha inspekta kamgeukia yeye. "Nitakutafuta", maana yake nini hasa?

Mwanakombo kasema: hata mimi nikitoka hapa nitamwambia huyu kaka nitakutafuta, na sitamfanya lolote. Anaposema mtu fulani ananiua, maana yake mtu huyo kamfurahisha mno. Uliyonifanyia sitayasahau — hiyo unamwambia daktari aliyemwokoa mwanao. Kasema, madame, hii ni barua ya mapenzi. Imevaa nguo za watu wengine tu.

Inspekta hakucheka, lakini bega lilishuka kidogo. Kaandika. Anaandika kwa vidole viwili, herufi moja moja.

Nikauliza ya uraia. Kasema yeye haamui. Karatasi zake zitakwenda kwa mwendesha mashtaka na maelezo ya mkalimani ndani, wengine watasoma. Wengine. Nani hao? Watasoma mpaka chini, au wataishia kwenye "vous me tuez", unaniua?

Tulipokuwa tunasimama ndipo kasema jambo lililonivunja. Kwamba bwana Lamborelle ameihama nyumba yake. Yuko kwa dada yake. Usiku halali, bunduki ameiweka kando ya kitanda, gari likisimama nje anaamka. Mbwa hamtoi. Msituni hajaingia tangu barua ifike.

Nikakaa tena. Mtu aliyenitoa chini ya kitanda — nami nimemwingiza yeye. Nimelia mbele ya polisi, mwanamume mzima. Nikaomba: mwambie. Mwambie leo, tafadhali, asingoje karatasi. Inspekta kasema atajaribu kumpigia, atamwambia na anipigie kama mzee atataka. Atajaribu, hakusema lini.

Mlangoni Mwanakombo kaniaga. Kasema nitakutafuta, kisha kaziba mdomo kwa kitenge.


Ijumaa, 7 Novemba

Hakuna simu. Polisi hawajapiga, wala mtu mwingine.

Papa Bavo kaambiwa yote, nimeshindwa kuficha. Nilitegemea atanitukana. Kasema tu: "Huyu Georges iko muoga kama wewe. Soma ile ya kulungu." Yeye, mtu wa Séraphin. Gazeti liko kwangu, kwa hiyo nikamsomea kwa kichwa. Safari hii alitaka nirudie pale anapokohoa.


Jumamosi, 8 Novemba

Ujumbe umeingia wakati nakunywa chai. Namba siijui. Kifaransa, nanakili ulivyo:

"Monsieur Zuberi, ce que vous m'avez fait, je ne l'oublie pas. Je vous chercherai. G. L."

Maneno yangu. Uliyonifanyia sitayasahau, nitakutafuta. Hakuna zaidi. Hakuna hata bonjour.

Rayhana kapiga kigelegele. Kasema yule mama polisi kamweleza, mzee anakujibu kwa lugha yako, kajifunza, mwenyezi Mungu mkubwa. Nikamwambia na kama hajaelezwa? Kama inspekta hajapata nafasi, na mzee kachoka kukaa kwa dada yake, kachukua barua kasoma tena, kasema basi, mimi ndiye nitakayemtafuta yeye? Namba na anwani anazo. Nilimpa mwenyewe, na ghorofa!

Rayhana kasema hakuna mtu anayeandika hivyo kwa ubaya.

Nikamwambia mimi ndiye niliyeandika hivyo.

Akaichukua simu, akausoma ujumbe upya.

Nimeusoma ujumbe kwa Kiswahili, nikausikia moyo unapoa. Nimeusoma kwa Kifaransa, ukapanda tena. Nimefanya hivyo asubuhi nzima. Nimejaribu kupiga polisi, Jumamosi, mashine inaongea. Nimeandika jibu, nimefuta. Neno lolote nikiliandika sasa naligeuza kwanza, naangalia chini yake kama kuna nge.

—

Naendelea. Kengele imelia.

Jamila kakimbilia dirishani. Kasema baba, kuna babu na mbwa.

Nimechungulia nyuma ya pazia. Koti la kijani, kofia, nywele nyeupe. Mbwa wa rangi ya kahawia, pua imezeeka. Ningemjua popote, ni Moka. Mzee anaangalia juu, anahesabu madirisha. Kwapani ana kitu kirefu, kimefungwa kwa kitambaa, kamba huku na huku. Sijui ni nini. Nasema kweli, sijui.

Ila nimeona kitu kingine. Kabla ya kubonyeza tena karudi nyuma hatua, kashika ukuta. Kanyoosha kidole, kakirudisha. Kama mimi na jibu lile la asubuhi.

Rayhana kauliza, tufungue? Nikasema ngoja. Kanitolea macho, kaenda, kabonyeza kitufe cha kufungulia.

Mlango wa chini umefunguka. Ngazi zetu ni za mbao, hazina siri. Viatu, polepole. Kucha za mbwa. Viatu vimesimama. Vinapumzika, au vinasikiliza. Vimeanza tena.

Natafuta neno la Kifaransa la kumkaribisha. Moja tu, lisilotisha. "Karibu" nikiigeuza inatoka "approchez", sogea, na hiyo hata polisi wanasema. Wamefika ghorofa ya kwanza. Moka anahema mbele, na mzee anamwambia kitu kwa sauti ya chini, sisikii kama anamtuliza mbwa au anajituliza mwenyewe. Naweka kalamu chini, naenda kufungua.