Mama wa Bangili Aliyechukuliwa Jikoni

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho nilichoonyesha, mtaani naitwa Mama Bangili
Umri: miaka 44
Kazi: kusubu vito vya fedha, yaani kuyeyusha na kumimina, nyumbani
Makazi: vyumba viwili na jiko, nyuma ya karakana ya useremala

Nilichopoteza ni mama wa bangili, Jumanne tarehe 9 mwezi huu, kati ya saa tatu na robo na saa tano asubuhi, ndani ya jiko langu mwenyewe. Naanza hapo kwa sababu siku ileile nilifika kituoni hapa na sikueleweka. Nilimwambia askari wa kaunta kwamba mama amechukuliwa jikoni. Akaniuliza umri wake. Nikasema miaka sita. Akaweka kalamu chini, akaniambia hapa si mahali pa mizaha, akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Sisi wenye kazi hii tumezoea kusema hivyo, nikasahau kwamba watu wengine wana mama wa aina moja tu.

Mama ni bangili ya kwanza, ile inayozaa nyingine. Unamlaza kwenye mchanga laini uliochanganywa na mafuta, unashindilia, unamtoa, na pale alipolala panabaki umbo lake. Hapo ndipo unapomimina fedha iliyoyeyuka. Inayotoka imenyooka kama mama, tunaikunja iwe bangili yenye ncha mbili, na tunaiita mtoto. Wa kwangu nilimchonga kwa nta, kwa wembe na sindano, mistari mitatu iliyosukwa kama ukili wa mkeka, kisha nikamsubu kwa fedha. Mwaka uliofuata nilimimina kwenye mchanga wenye unyevu, fedha ikaruka, ikaniunguza kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Mpaka leo hakikunjiki. Afande amekiona. Kwa hiyo sina uwezo wa kuchonga mwingine.

Kazi hii niliianza bila kitu. Tanuri langu ni matofali sita na jiko la gesi, kipulizio ni mashine mbovu ya kukaushia nywele, mchanga nachekecha kwa soksi ndefu, na katikati ya kalibu, ile fremu ya vipande viwili inayobeba mchanga, badala ya poda ya dukani kwa mafundi, napaka poda ya watoto. Fedha naipata kwenye mikufu iliyokatika na hereni zilizobaki moja. Haya yote nilimfundisha wifi yangu, dada wa mume wangu, kwa miaka miwili. Siku ya harusi yake nilimpa mtoto mmoja wa bangili, na akawa na funguo za nyumba yangu. Asante ya punda niliijua, ila sikujua punda anaweza kupewa funguo.

Mnamo tarehe 9, saa tatu na robo asubuhi, wifi alikuja kuomba poda. Nilimwambia achukue mwenyewe, mimi nikatoka uani kuchekecha mchanga. Niliporudi alikuwa ameshaondoka bila kuaga. Sikushangaa, kuaga si tabia yake. Saa tano mchanga ulikuwa tayari. Nikafungua kopo la majani ya chai ninapomweka mama, amefungwa kitambaa cheusi. Kitambaa kilikuwepo na uzito ulikuwepo. Nilipokifungua nikakuta kijiko. Kijiko chenyewe ni cha kwangu.

Jumamosi tarehe 13, saa sita mchana, nilipita dukani kwa sonara wa barabara ya soko tunayemwita Miwani. Kwenye kabati la kioo kulikuwa na bangili nne zenye ukili wangu. Nilimuuliza kazipata wapi. Akasema analetewa na wifi yangu, na akanishangaa: "Kwani nyie si nyumba moja?" Nikamwomba uzi. Nikaupitisha kwenye bangili moja kutoka ncha hadi ncha, nikaupima: milimita 147. Miwani alishuhudia na yuko tayari kuja.

Naomba hesabu hii iandikwe vizuri. Fedha ikipoa husinyaa. Mama wangu ana milimita 150. Mtoto wake hutoka na 147. Ukimfanya mtoto awe mama, anachozaa ni mjukuu, milimita 144, na sura imefifia kama sahani iliyosuguliwa kwa majivu.

Jumapili tarehe 14, saa kumi jioni, tulikaa sebuleni kwangu, mimi, mume wangu na wifi. Wifi alisema hajamgusa mama. Alidai aliinyoosha bangili niliyompa ya harusi, akaitumia hiyo kwenye mchanga. Nikamwonyesha uzi. "Wifi, hiyo ingekuzalia wajukuu. Walioko kwa Miwani ni watoto."

Hapo akabadili wimbo: eti nilimchonga chini ya paa la kaka yake, basi mama ni wa ukoo. Nilimkumbusha kwamba paa hilo nililiezeka mimi, na kaka yake ndiye aliyeshika ngazi. Mume wangu aliangalia sakafu, akasema, "Mama watoto, ni kipande cha fedha tu. Huyu ni damu yangu." Nilimwonyesha kidole changu. Amekula kwa kidole hicho miaka yote, lakini alikitazama kama cha mgeni.

Wifi akasimama, akajitanda khanga, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Kama ni wa kugombaniwa, bora nimtie chunguni tukose sote."

Akaondoka. Chungu anachokisema ni kile cha kuyeyushia. Tangu hapo nimegonga mlango wake mara tatu. Kwa dirisha la jiko lake nasikia kipulizio kinavuma, ila hafungui. Mume wangu anasema nimwache apoe. Mimi najua kinachopoa kwenye jiko lile kinapoa kikiwa na umbo jingine.

Niliyoyasema ni haya, nayasimamia popote nitakapoitwa.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi kwa mkono wa kushoto)
Tarehe 17, saa tano na dakika ishirini asubuhi

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika na kumsomea shahidi. Amesahihisha sehemu moja: palipoandikwa "kifaa" ametaka paandikwe "mama". Mlalamikiwa ameitwa kufika kituoni Ijumaa tarehe 19, saa nne asubuhi. Shahidi ameomba yaongezwe yafuatayo.

Nyongeza: Akija ataleta habari za ukoo, za paa na za harusi. Msimwandikie. Sitaki aombe radhi, sitaki kikao kingine. Aulizwe neno moja na ajibu kwa neno moja, na mimi nitakuwa nimekaa kwenye benchi la nje nikisubiri. Mama ni mzima, au ameyeyushwa? Ijumaa, saa nne. Isizidi hapo.