Mtoto au Boyi

Baraka, kando ya ziwa

Yaya Anzelina mpendwa,

Mimi mdogo wako wa tumbo moja nakuamkia, na pamoja nawe nyumba nzima. Homa ya mtoto wako wa mwisho imepoa? Na mguu wa shemeji, umemruhusu kurudi dispensari? Mimi ni mzima wa mwili. Habari za moyo nitakueleza, lakini kwanza, kama kuna watu karibu, ingia chumbani ukae peke yako. Barua hii sikuipeleka posta. Nimempa dereva wa lori la pamba anayepita Lulimba na Kabambare. Ni mtu wa kwetu Kasongo, lakini hata yeye nimemwambia ni mambo ya mahari tu. Tazama vizuri kama bahasha imefunguliwa na kubandikwa tena.

Bwana Administrata wa Fizi amenishusha hapa Baraka kwa kazi moja ya makaratasi. Zamani za mababu, Waarabu walipokuwa bado na nguvu ziwani, aliishi hapa mhubiri mmoja mzungu, Mprotestanti, na mke wake na watoto. Walipoondoka waliacha sanduku la bati lililojaa barua. Yule mke alimwandikia mama yake kule Ulaya, na kwa kuwa wajumbe walipotea njiani mara nyingi, kila barua aliandika mara mbili akabaki na moja. Sasa wajukuu wao wameomba nakala. Kazi yangu ni kuzisoma, kuzipiga mashine, na kumwandikia Bwana muhtasari.

Ungefikiri ni kazi ya baridi. Mimi pia nilifikiri hivyo, mpaka nilipoona watu wanavyonitazama. Hapa karibu wote ni Waprotestanti. Wakiona rozari yangu wananyamaza. Nikipita sokoni, wauza ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa, wanaacha kubishana. Mzee mmoja aliniuliza kwa upole kama mle ndani imeandikwa nani alinunuliwa kwa Waarabu na nani alizaliwa huru. Nikamwambia sijui. Akasema, "Utajua tu," akaondoka. Mpaka leo sijui kama aliniomba au alinitisha.

Sanduku liko kwa Mama Nyassa, mjane mwenye nyumba chini ya michikichi, ndani ya kiwanja cha wale wazungu wa zamani. Basi nami nimepangiwa kulala kwake. Ananilisha kupita kiasi. Siku ya kwanza aliniletea bugali na samaki wa mikebuka wa kukaanga, akasimama mlangoni kunitazama.

"Kula, karani. Bantu ya makaratasi banakonda mbio."

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Wino?"

Wewe unajua yanayosemwa juu ya sumu za huku. Alipogeuka nilimtupia kuku kipande. Kuku hakupatwa na neno, nami nikala, lakini polepole. Akarudi kuchukua sahani, akaniuliza: "Mu ile barua, baba yangu banamuita namna gani?"

"Sijafika huko, mama."

"Baba alikuwa mutoto yabo. Uandike vile."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana nilikuwa nimeshafika huko, na neno ni hilo hilo.

Sikiliza, yaya, uelewe shida. Wenye pamba wanataka kujenga depo ya kuhifadhia pamba juu ya kiwanja hiki kwa sababu lori na mitumbwi vinakifikia vyote. Bwana Administrata amesema waziwazi: kama marehemu Etabo, baba yake Mama Nyassa, alikuwa mtoto wa nyumba ile, basi aliachiwa kiwanja na watu wake watabaki. Kama alikuwa boyi, yaani mtumishi wa kulipwa, alikuwa mlinzi tu; kiwanja ni cha Serikali, na Mama Nyassa ataondoka na wajukuu wake wote. Ushahidi mwingine hakuna. Wazee waliomjua Etabo akiwa kijana wamekwisha kufa. Zimebaki barua, na anayesubiriwa kuzifasiri ni mimi.

Sasa yule mama mzungu aliandika Kifaransa kizuri sana, ila kila alipomtaja Etabo alibadili lugha. Aliandika "mtoto wetu Etabo", kwa Kiswahili, kila mara. Nigeuze vipi? Wewe unajua mambo yalivyo: mzungu akiketi barazani na kuita "Mtoto!", anayekuja na kahawa anaweza kuwa na mvi. Na wanafunzi wa shule yake pia aliwaita "watoto wetu". Nilizunguka na neno hilo mpaka likapoteza maana.

Sikumwambia mtu yeyote kwamba nimekwama. Hata hivyo Bwana Dezideri, karani mkuu wetu, akashuka kutoka Fizi juu ya pikipiki, akakaa juu ya meza yangu, akasema, "Stani, bado unatafuna ile neno?"

Nani alimwambia? Namshuku yule planton, tarishi wa ofisi anayefagia chumba ninamofanyia kazi, kwa sababu anafagia sana karibu na kikapu cha karatasi.

"Bado, bwana."

"Mutoto ya muzungu ni boyi. Andika boyi, tupumuzike."

"Na kama alisema mtoto kweli?"

"Alimuzaa?" Akacheka. "Weye ulimuona ananyonya?" Kisha akapunguza sauti. "Dosie yako ya kadi ya mérite iko kwa meza ya Bwana. Makaratasi inaruka, unajua. Upepo ya ziwa ni mukali." Faili hilo ni la kadi ninayoomba ili Serikali inihesabu kuwa mstaarabu.

Aliniachia karatasi iliyokwisha kupigwa mashine, yenye neno "boy", ikingoja sahihi yangu tu. Sijui yeye anapata nini katika depo. Labda hapati kitu, anataka tu kumfurahisha Bwana kabla Bwana hajasema. Watu wa namna hiyo nawaogopa zaidi.

Niliiweka karatasi ile chini ya kitabu, nikaendelea kusoma ili nisiitazame. Ndipo nikafika kwenye barua ya msiba. Mtoto wao wa kike, Klara, alikufa kwa homa wakamzika hapa hapa. Barua ni ya huzuni na sitaki kukuliza. Lakini chini kabisa, kama mtu anayejaribu kumchekesha mama yake asilie, ameandika hivi: "Kesho yake mtoto wetu Etabo ametokea na kichwa kipara kama yai. Nafikiri ni chawa, nimempa mafuta ajipake. Tena amekuwa mkaidi: hataki benchi, anakaa chini, anakula peke yake, wala haniambii sababu."

Yaya, niliinuka kwenye kiti. Maskini yule mama hakuelewa alichokiona. Boyi akifiwa na bwana wake huleta kuni, husaidia kuchimba, jioni hurudi kwao na nywele zake. Anayenyoa na kukaa chini ni ndugu.

Furaha yangu haikudumu. Nikaanza kushuku: kwa nini ukurasa huu upatikane sasa, ndani ya nyumba ya mwenye kuuhitaji? Nikaupeleka dirishani. Nikalinganisha mwandiko, nikanusa wino. Kilichonituliza ni wadudu: tundu walilotoboa limepita kwenye karatasi hii na zile za juu na za chini yake, mahali pale pale. Mdudu hana kiwanja Baraka.

Basi niliandika "mtoto", maana yake mwana. Nikapiga mashine habari ya chawa yote bila kuacha neno, nikaeleza desturi chini yake, nikatia sahihi yangu. Nikapanda lori mpaka Fizi, nikaingia kwa Bwana Administrata mwenyewe bila kupitia kwa Bwana Dezideri, ambaye aliniona nikipita na hakunisalimu.

Bwana alisoma. Akasema, "Chawa?" Nikamweleza.

"Nani amekufundisha hii desturi? Yule mama?"

"Hapana, Bwana. Yeye sijamwonyesha kitu."

"Wewe si Mubembe wa hapa."

"Toka hapa mpaka Kasongo ni moja, Bwana. Baba yangu alipokufa, mimi pia nilinyolewa."

"Na nani?"

Sikufikiri mbele. Nilisema, "Na dada yangu." Akauliza jina lako na la mume wako, akayaandika pembeni mwa karatasi yangu. Akasema ataandika Kasongo waulize. Kisha: "Rudi Baraka mpaka nikuite." Sauti yake haikuwa ya hasira wala ya wema. Nimeipima kila upande, sikupata kitu.

Nilipofika nilimsomea Mama Nyassa ule ukurasa kwa Kiswahili. Nilitegemea aitikie kama mtu anayeujua tangu zamani. Pamoja na ushahidi wa wadudu, nilikuwa bado nashuku kwamba aliujua. Lakini alishika mlango.

"Alinyoa?"

"Ndiyo, mama."

"Hakutuambia hata siku moja." Akaketi kizingitini. "Soma tena." Nikasoma tena. Akauliza, "Na ule mutoto ya mu kaburi, jina yake nani?"

"Klara."

"Tangu nikiwa kidogo naondoa majani pale, sikuwa najua jina." Akafikiri. "Dada ya baba. Basi ile ni shangazi."

Akachukua jembe akaenda zake, wala hakuniuliza habari za kiwanja. Nami nikaona haya kwa ajili ya yule kuku niliyemwonjesha chakula chake.

Yaya, hii ndiyo sababu ya barua. Mtu wa bureau ya Serikali atakuja kwako. Jana nilikuwa nimeandika barua nyingine ya kukuambia ujibu kwamba hukumbuki, ili wasikuingize katika mambo ya watu usiowajua. Nimeichana. Ukisema hukumbuki, karatasi ya Bwana Dezideri itachukuliwa kuwa ndiyo kweli, na mimi nitakuwa karani aliyemdanganya Bwana. Usiongeze wala usipunguze. Sema ulininyoa nyuma ya nyumba asubuhi baada ya mazishi, na shemeji, ambaye alikuwa bado mchumba tu, alikuja, akatupa pole, akarudi kwao na nywele zake. Asione haya kulisema. Ndilo linaloonyesha tofauti.

Nisalimie shemeji mwuguzi, bibi yetu anayekataa miwani, mjomba fundi wa baiskeli, na padri mzee aliyenifundisha Kifaransa hiki kilichoniingiza matatani. Mtoto mumkumbatie.

Mimi mdogo wako, ninayesikiliza kila lori linaloshuka kutoka Fizi,

Stanislasi