Mama Yake Rutayisire

Gatsata, Kigali
4 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepata nafuu, na mvua za huko Ngara hazijaozesha maharage yako shambani. Mjukuu wako Uwase hajambo. Yuko darasa la kwanza, na anasema akija kwako atakusomea Injili yeye mwenyewe, wewe upumzishe macho.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Simu yangu anakaa nayo mwanao Rutayisire. Barua hii inaletwa na Kellen, yule anayeuza dagaa soko la Nyabugogo na hupita huko Ngara kwa biashara yake, na majibu yako nitayasomea kwake. Nakuomba usimwambie mwanao kwamba nimekuandikia.

Mama, Desemba nilikwambia nimeanguka kwenye ngazi. Sikuanguka. Na lile jino nililosema daktari alining'oa, hakuning'oa daktari. Nimekudanganya miaka mitatu kwa sababu yeye ni mwanao, na kwa sababu wewe ndiye mama niliyebaki naye.

Jumamosi ya mwisho ya Januari, siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, tulitoka na majirani kuzibua mtaro. Régis, fundi mwenzake wa gereji, aliona nimeelemewa na karai la udongo, akanipokea. Ni hilo tu. Tuliporudi nyumbani Rutayisire alifunga mlango, akachomoa mpini wa jembe. Hakupaza sauti. Aliniuliza, "Ameugusa mkono gani?" Nikasema hakugusa mkono. Akauliza tena. Nikanyoosha wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ndio ninaopikia. Akaupiga mara tatu. Mara ya pili niliusikia mfupa.

Alinipeleka hospitali mwenyewe. Akamwambia nesi niliteleza mtaroni, huku amenishika bega kwa upole kabisa.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusali rozari wakati kaburi la mama yangu mzazi lilikuwa bado bichi. Basi niambie. Mungu anataka nini kwangu?

Mkaza mwanao,
Gahongayire


Ngara
19 Februari 2024

Mwanangu Gahongayire,

Marahaba, na amani ya Kristo iingie kwenye hiyo nyumba kabla ya barua hii. Goti ni uzee, liache.

Nimesoma ulichoandika, nikakificha chini ya godoro, nikakitoa, nikakisoma tena. Nilitamani uwe umeandika habari za mtoto wa mtu mwingine.

Pole, mwanangu. Pole sana. Lakini nisikilize mimi niliyetangulia. Marehemu baba yake Rutayisire naye alikuwa na mkono mwepesi. Nilinyamaza, nikasali, na kabla hajafa alikuwa mtu mpole, unaweza kumlisha uji kwa kijiko. Msalaba haubebwi siku moja. Usimtangaze kwa majirani, maana mwanamume akiaibishwa hugeuka simba. Piga magoti, umwombee yeye kabla ya kujiombea wewe. Jumuiya yetu imeanza novena. Sikutaja jina la mtu.

Mtumaini Bwana, naye atatenda. Nimempa Kellen samli, ujipake huo mkono plasta ikitolewa.

Mama yako,
Xavérine


Gatsata
17 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Samli ilifika, asante. Imenifaa, ingawa si kwenye mkono.

Nilifanya kama ulivyoniagiza. Kila mchana, kabla Uwase hajarudi kutoka shuleni, nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwombea Rutayisire kwa jina lake. Alhamisi moja akarudi kula mapema, akakuta chakula hakijawa mezani, na mimi bado niko magotini.

"Unanishtaki kwa nani?" akaniuliza.

"Nakuombea."

Akaenda jikoni, akarudi na birika. Nilidhani anataka chai. Akanimiminia maji yale mgongoni polepole, kama mtu anayemwagilia mchicha. "Mwambie basi aje akupoze," akasema.

Nililala kifudifudi siku tisa. Samli yako ndiyo Kellen aliyonipaka.

Lakini silo lililonifanya niandike. Juzi nilimkuta Uwase uani na mwanasesere wake wa vitambaa. Alikuwa amempigisha magoti ukutani, anampiga kwa mwiko, na anamwambia kwa sauti ya huruma, "Usilie. Baba amechoka." Maneno hayo si yangu. Nikamuuliza ameyatoa wapi. Akasema baba ndiye humwambia hivyo kila anapomkuta analia.

Mama, sijaacha kusali. Ila nauliza kwa heshima zote, kwa kuwa sina mwingine wa kumuuliza. Wewe, Mungu alikushika vipi? Nataka kujua pa kushika.

Mkaza mwanao,
Gahongayire


Ngara
28 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Sitakuuliza hali yako, naijua.

Umenisubiri wiki sita. Si kwamba nilikosa wa kumtuma. Nilianza kukujibu mara nne na mara nne nikachana karatasi, kwa sababu kila jibu nililoandika lilikuwa uongo.

Mume wangu hakulainishwa na sala zangu. Alipooza upande wa kulia. Kilichokufa ni mkono, hasira haikufa. Miaka miwili nilimlisha uji akinitazama kwa macho yaleyale, na watu wa kanisa wakasema tazameni Xavérine alivyomshinda mumewe kwa sala. Nikawaachia waseme. Nilipenda kusikia.

Na kuna hili. Rutayisire alikuwa na miaka saba. Baba yake alinikanyaga tumboni, jikoni, nikiwa na mimba ya miezi mitano. Mtoto yule hakuishi. Rutayisire alikuwa mlangoni, ameona damu yote, midomo inamtetemeka. Nikamwambia, "Usilie. Kachote maji. Baba amechoka." Akabeba ndoo akaenda. Nilidhani namficha mtoto ubaya wa dunia, kumbe ninamkabidhi. Nilipofika kwenye yale maneno ya Uwase nilikaa chini kwenye udongo, barua mkononi, mpaka jirani akaja kuniinua.

Jana jumuiyani ilisomwa habari ya Sauli na Daudi. Nimeisikia tangu ubatizo wangu. Sauli akarusha mkuki. Na Daudi, mwenye zaburi zote zile za kumtumaini Bwana, hakubaki ukutani aone kama Mungu atauzuia. Aliukwepa, akakimbia, na hakuna mahali Maandiko yanapomlaumu kwa imani haba. Nimezeeka nikiwaambia wanawake wakae ukutani. Nilikuambia na wewe. Nisamehe.

Ondoka. Mumeo ni mwanangu, nimemzaa mwenyewe, na ninakwambia ondoka. Phiona, dada yake Kellen, anashona kwenye kiwanda cha nguo Masoro na ana chumba cha ziada. Nenda na mtoto. Kamwambie mkuu wa umudugudu, kiongozi wa mtaa wenu, waambie polisi, na jina lake ulitaje lote.

Mama yako,
Xavérine


Masoro
19 Mei 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tuko hai. Nimeanza na hilo ili usome mengine bila kutetemeka.

Nilichagua Jumanne asubuhi, yuko gereji. Kumbe alikuwa ameacha miwani yake ya kuchomelea. Aliingia ninafunga begi. Akalitazama, akamtazama Uwase aliyevaa viatu vya Jumapili, akaelewa. Uwase akasimama kati yetu, mikono ameitandaza. Baba yake alikuwa hajawahi kumgusa, Mama, wewe unajua. Siku hiyo alimshika kwa mkono mmoja akamrusha kwenye kabati. Kichwa kiligonga pembeni. Hakulia hata kidogo, na hapo ndipo mimi nilipoacha kuwa yule niliyekuwa.

Akaenda kuchukua panga nyuma ya mlango. Nilimnyanyua Uwase nikapitia jikoni. Pigo la kwanza lilikata fremu ya mlango. La pili liliniingia begani, nikahisi baridi, sikuhisi maumivu. Nikaruka ule mtaro wa umuganda na mtoto kifuani. Sikusali. Sikuwa na pumzi ya kusali, nilisema "Yesu" mara moja tu, hewani. Mafundi wa gereji walisikia kelele. Régis alikuja mbele na spana kubwa, wengine nyuma yake, na Rutayisire akageuka akaruka ukuta wa nyuma.

Nyuzi ishirini na mbili begani. Uwase ameshonwa juu ya jicho. Nimeandika maelezo polisi, kurasa nne. Mkuu wa umudugudu alikaa nami mpaka nikamaliza. Wanamtafuta, bado hajapatikana.

Asubuhi hapa Masoro wanawake wa kiwandani hupita kwa mamia kwenda zamu, nami huwatazama dirishani. Sijui kama bado namtumaini Mungu kama ulivyonifundisha. Najua tu kwamba kutoka ile nyumba mpaka kwa Régis ni hatua hamsini, na mimi siku hiyo nilikuwa na nguvu za hatua kumi.

Akija kwako, usimfungulie.

Mwanao,
Gahongayire


Gatsata
9 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mbusu Uwase pale paliposhonwa.

Usinikasirikie. Tazama mahali nilipoandikia barua hii. Niko nyumbani kwenu. Rutayisire alinipigia kwa namba nisiyoijua, akasema, "Mama, umemficha wapi mke wangu?" Nikamwambia siwezi kusema kwenye simu, nitakuwa Gatsata. Nikapanda basi. Mtu anayewindwa haendi kwa rafiki, huenda kwa mama yake. Nimemjulisha mkuu wa umudugudu na nimemjulisha Régis. Polisi nao wanajua kwamba nipo.

Nataka nimwambie ana kwa ana ajisalimishe. Nataka pia nimwombe msamaha wa ile ndoo ya maji. Hayo mawili namdai Mungu aniruhusu, basi.

Nimeusugua ukuta wa jikoni, damu yako imetoka. Fremu ya mlango nimeiacha.

Naogopa. Nimeogopa maisha yangu yote, lakini zamani niliogopa nikiwa nimefumba mdomo.

Mama yako,
Xavérine


Masoro
16 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Toka humo. Leo hii, mara tu Kellen atakapokupa karatasi hii. Hutambadilisha kwa siku moja. Wewe si ndiye uliyeniandikia habari za mkuki? Kwa nini basi umekwenda kusimama ukutani?

Kellen anasubiri nimalize. Njoo naye.

Mwanao,
Gahongayire


Kigali, hospitali
7 Julai 2024

Mwanangu Gahongayire,

Marahaba. Barua yako ilinifikia huku wodini. Kellen aliibeba siku nne, hakujua nilipo.

Taya langu limefungwa kwa waya, kwa hiyo hata ukipiga simu utasikia pumzi tu. Mbavu mbili, na mfupa wa bega. Nitapona. Nakunywa uji kwa mrija.

Alikuja Jumatano saa sita mchana, amekonda, ananuka. Nilimpikia. Alikula sahani mbili bila kuinua kichwa, kisha akaniwekea kichwa mapajani akalia kama alivyokuwa analia utotoni alipougua tetekuwanga. Nilimwomba msamaha. Nilimwambia, "Siku ile baba yako hakuwa amechoka. Alikuwa anaua, na mimi nilikudanganya." Nikamwambia twende polisi, mimi na yeye, nimshike mkono. Akasema, "Sawa, Mama." Nikasimama kuchukua kitenge changu.

Akasema, "Lakini kwanza niambie yuko wapi."

Nikasema hapana.

Sikumbuki kama niliwahi kumwambia mwanamume neno hilo. Aliniuliza tena, nikalirudia, akanipiga ngumi ya mdomo. Alipiga kama baba yake, kwa mpangilio, na kila baada ya pigo akauliza, "Yuko wapi?" Nilikuwa nimejaa damu kinywani. Masoro lilikuwa hapo hapo kwenye ulimi, mwanangu, neno fupi, na ningelitema yangekwisha. Nikamwambia Mungu, nizuie. Hakuzuia ngumi hata moja. Alinizuilia ulimi.

Kisha nikapiga ukunga. Miaka arobaini sikuwahi kuupiga, majirani wa Ngara hawaijui sauti hiyo. Nilipiga hata taya likiwa limevunjika. Régis ndiye aliyevunja mlango. Polisi walimkuta ameketi sakafuni kando yangu, amenishika bega kwa upole, akiwaambia nimeteleza.

Nimeandika maelezo yangu mwenyewe, nikatia sahihi. Kurasa saba. Nimeanzia alipokuwa na miaka saba.

Uliniuliza kwa nini nilikwenda kusimama ukutani. Nimelifikiria sana hapa kitandani. Wewe ulikuwa na mtoto wa kukimbia naye. Mimi wangu alikuwa ndani ya ile nyumba. Huenda nilikosea, na Mungu ananijua. Sijutii.

Bado nampenda. Siwezi kukuficha hilo, wala sikuombi ulibebe. Namwombea asubuhi na jioni, namwombea kwa jina lake, ila siombi tena afunguliwe. Naomba siku moja akae kimya peke yake, aione ile ndoo.

Mwendesha mashtaka alikuja jana, kijana mstaarabu. Akaniuliza kama nitaweza kusimama mbele ya hakimu huku namtazama mwanangu. Sikuweza kujibu kwa mdomo, nikamwandikia kwenye karatasi yake: Nilimzaa nikimtazama.

Kesi ni tarehe 23, Jumanne, saa tatu asubuhi, waya za taya zikiwa zimeshatolewa. Uwase mwache kwa Phiona. Wewe njoo mapema, na usiende kukaa nyuma. Kaa mstari wa mbele, upande wa dirisha. Nikishamaliza kumtaja nitageuza macho, na nataka yakutane na wewe.

Mama yako,
Xavérine