Hema Limeangukia Wafiwa

Habiba, hema limeangukia wafiwa. Hapa Asembo Bay, sasa hivi. Hakuna aliyeumia.

Unajua kikundi cha akina Ondiek cha kusimamisha mahema: kila mmoja na nguzo yake, na mmoja tu wa kuita. Ondiek akisema "inua", wote wanainua pamoja. Leo Frankline, mmoja wao, amekataa.

"Kila matanga ni wewe tu wa kuita. Hii ni kikundi ama ni boma ya babako?"

Ondiek akamjibu, "Shika nguzo, bwana. Mwili uko njiani."

Akaita, "Inua!" Frankline naye akapiga kelele, "Ngoja!"

Eti ngoja, Habiba! Nusu wakainua, nusu wakangoja. Hema lote likalala upande, likawafunika akina mama waliokuwa wameketi pale.

Mjane mwenyewe akatambaa kutoka chini ya turubai, kitambaa kimemtoka kichwani. Ondiek akaenda kumwomba msamaha. Mama akampita kana kwamba hamwoni.

"Nyinyi mmekuja kuzika mume wangu ama kuzikana?"

Halafu akasimama katikati akaita yeye: "Inua!" Wote wakainua mara moja, Ondiek pia. Hema likasimama wima kabla gari la mwili halijafika.

Sasa wako nyuma ya jiko wanakunja kamba, hakuna anayemtazama mwenzake. Frankline amemwambia mbele ya wote, "Umeona? Imesimama bila sauti yako."

Ondiek anazidi kukunja kamba, Habiba. Limesimama kweli.