Plastiki Iliyotoka Jasho

Parklands, Nairobi
11 Mei 1955

Dada yangu mpendwa Nyokabi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na watoto, na kwamba kikohozi cha Waceke kimepungua. Mimi ni mzima wa mwili. Zaidi ya hapo siwezi kusema.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini mumeo Macharia amenyamaza, nami nimekuwa nikikujibu kwamba kazi ni nyingi. Dada, keti kwanza ndipo usome.

Unajua kiwanda chetu kinatengeneza vitambaa vya meza vya plastiki. Ili plastiki iwe laini na isiharibiwe na joto la mashine wala jua, huchanganywa na mafuta yanayoletwa kwa meli. Asili yake ni soya, ila huko ng'ambo hutiwa dawa kali mpaka yawe kitu kingine. Shemeji ndiye aliyekuwa akiyapima, na unamjua kwa majivuno: alitutania kwamba yeye ni mpishi, sisi wengine ni walaji tu.

Miezi michache iliyopita pipa lilimponyoka tukilishusha, mafuta karibu nusu yakamwagika. Tulikuwa wawili tu stoo. Mtu wa kabila lingine angekwenda kusema, akakatwa mshahara, yakaisha. Lakini siku hizi za hali ya hatari, Mkikuyu akiharibu mali ya tajiri haitwi mzembe, huitwa adui. Macharia akaniambia kwamba mafuta ya soya na ya karanga yote ni ya mbegu, hayawezi kukosana. Akanunua mafuta ya karanga ya kupikia, akajaza pipa. Nilimsaidia kumimina.

Vitambaa vilitoka vizuri, vinang'aa. Baada ya wiki kadhaa vikaanza kutoka jasho. Yale mafuta ya jikoni yalikataa kukaa ndani ya plastiki. Yalijitokeza juu, vitambaa vikanata na kunuka uvundo. Maduka yakavirudisha vyote. Meneja alipitisha kidole, akanusa, akaita polisi.

Macharia alieleza kwamba pipa lilianguka. Inspekta akamwuliza nani aliona. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Macharia alinitazama kidogo, nikajua anafikiria watoto wako na wangu, kwamba tukichukuliwa sote hatabaki wa kuwalisha. Akasema hakuna aliyeona. Inspekta akanigeukia, akauliza kama namjua mtu huyu.

Nikasema, "Ni mtu wa kazi tu. Simjui kwao."

Huenda neno langu lingemwokoa, huenda lisingemwokoa. Sikulisema. Walimpandisha lori, na kila nilipouliza habari zake niliambiwa nisiulize.

Juzi askari alikuja kiwandani na koti la Macharia na viatu vyake. Alisema mwenye vitu hivyo amefariki katika kambi ya kizuizini kwa ugonjwa wa tumbo, na wameshamzika. Akauliza kama marehemu ana ndugu hapa. Watu wakatazamana. Dada, hata hapo nilinyamaza. Vitu vyake viko stoo, na siwezi hata kuvichukua nikuletee.

Sikuombi unisamehe. Wasalimie watoto, uwaambie baba yao hakuwa adui wa mtu. Pipa lilimponyoka, basi.

Ndimi ndugu yako, kama bado wanitaka,
Gerishon